Viazi vitatu, koo tatu: jinsi ya kuisoma bustani iliyopangwa kwa familia za mimea

Sokoni kuna kiazi kitamu, kiazi mviringo na kiazi kikuu. Vyote ni viazi, vyote huchimbwa udongoni, vyote huishia sufuriani. Mtaalamu wa mimea akiletewa kapu hilo atavitenganisha hapohapo. Kiazi kitamu ni cha familia ya Convolvulaceae, pamoja na ile mimea inayotambaa kwenye nyua za watu ikitoa maua ya umbo la tarumbeta. Kiazi mviringo ni cha Solanaceae, pamoja na nyanya na biringanya. Familia hizo mbili angalau ni majirani. Kiazi kikuu, cha Dioscoreaceae, kiko mbali kabisa: kina undugu wa karibu zaidi na mahindi kuliko na wenzake wawili wa kapuni.

Mifano ya namna hii imejaa jikoni. Mchaichai ni nyasi, hauhusiani na chai kwa lolote. Bizari nyembamba ni ndugu ya karoti, ilhali bizari ya manjano ni ndugu ya tangawizi. Pilipili manga na pilipili mbuzi zinatoka familia mbili tofauti, na hata muwasho wake unaletwa na kemikali tofauti. Kwa upande mwingine upo undugu ambao lugha yetu haiudokezi popote: mdalasini na mparachichi ni familia moja, mwembe na mkorosho ni familia moja, na mkarafuu umo pamoja na mpera na mkaratusi.

Kwa hiyo mtu akiingia kwenye bustani ya mimea ya chuo kikuu, ile iliyopangwa kwa familia, hupigwa na butwaa. Tumbaku na nyanya zinafanya nini tuta moja? Kwa nini mmea wa sumu umepandwa ubavuni mwa mboga? Kwa nini jina la kibaoni si lile la kitabu cha shule? Tuchukue bustani ya Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, iwe mfano wetu, kwa sababu matuta yake ya familia ni ya kale na yanasomeka vizuri, kisha tuone maswali hayo yanajibiwaje.

Familia maana yake nini

Tuanzie chini. Spishi ni aina moja ya mmea. Mnyanya ni spishi, na jina lake la kitaalamu ni Solanum lycopersicum. Neno la kwanza, Solanum, ni jenasi, yaani kundi la spishi zinazokaribiana sana: humo kuna biringanya, kiazi mviringo, nyanya chungu na mnavu. Jenasi zenye undugu zikikusanywa tunapata familia. Solanum ya nyanya, Capsicum ya pilipili, Nicotiana ya tumbaku na Datura ya mnanaha zinafanya familia ya Solanaceae. Familia zilizo jirani nazo zikikusanywa tunapata oda. Mwisho wa neno unatosha kukuambia uko ngazi gani: jina la familia huishia na -aceae, la oda huishia na -ales.

Mtu wa Uswahilini ana mpangilio kama huo kichwani tayari. Nyumba iko ndani ya mlango, mlango uko ndani ya ukoo, ukoo uko ndani ya kabila. Familia ya mimea ni ukoo. Na kama ulivyo ukoo, inafuata nasaba, haifuati sura. Unaweza kukutana Kariakoo na mtu mnayefanana kama mapacha na msiwe na babu mmoja hata mkirudi vizazi kumi, na binamu yako wa damu akawa hafanani nawe kwa chochote. Mimea iko hivyohivyo.

Ukoo hauna ukubwa maalumu pia. Familia ya okidi ina spishi zipatazo 28,000. Familia ya mti wa ginkgo, ambao si wa maua, ina spishi moja tu iliyobaki duniani. Hapa inafaa kusema jambo ambalo vibao vya bustani huwa havilisemi: nasaba yenyewe ni kitu halisi, ilitokea, lakini mahali pa kukata na kusema “ukoo huu unaishia hapa” ni makubaliano ya wataalamu. Wanaweza kukubaliana leo na kukubaliana vingine baada ya miaka kumi bila mmea wowote kubadilika.

Nani aliamua nani akae na nani

Bustani za vyuo vikuu zilianza kwa ajili ya dawa. Ile ya Padua, Italia, ilianzishwa mwaka 1545 ili wanafunzi wa utabibu wajifunze kutofautisha mmea wa kweli na wa bandia kabla hawajamuua mgonjwa. Leiden, Uholanzi, ilifuata mwaka 1590, na Oxford mwaka 1621. Wakati huo hapakuwa na habari ya familia kama tunavyozijua sasa.

Katika karne ya 18 Carl Linnaeus wa Uswidi alileta mpango uliopendwa kwa wepesi wake: fungua ua, hesabu stameni, yaani viungo vya kiume vinavyotoa chavua. Zikiwa tano, mmea uende kundi la tano. Bustani yake ya Uppsala ipo mpaka leo na imepandwa kwa mpango huohuo. Ni rahisi, hata mtoto anaweza. Ila kwa hesabu hiyo mkahawa na mnavu huangukia kundi moja, kwa kuwa yote ina stameni tano. Ni sawa na kuwapanga wanakijiji kwa namba za viatu: utampata mtu haraka ukijua namba yake, lakini hutajua ni mtoto wa nani. Linnaeus mwenyewe alijua kwamba mpango huo ni wa kurahisishia kazi tu.

Waliomfuata walianza kutazama mmea mzima: ua, tunda, mbegu, mpangilio wa majani. Mmoja wao ni Augustin Pyramus de Candolle wa Uswisi, mwanzoni mwa karne ya 19. Mpango wake ndio uliofuatwa Cambridge. Profesa John Stevens Henslow, aliyemfundisha Charles Darwin, ndiye aliyepigania chuo kipate eneo jipya kubwa nje ya mji wa wakati ule, na bustani ikafunguliwa mwaka 1846. Andrew Murray, msimamizi wa kwanza wa bustani, ndiye aliyechora matuta ya familia mwaka 1845. Alichukua kurasa za kitabu cha de Candolle akazilaza ardhini.

Katikati ya eneo la matuta hayo kuna sehemu ya umbo la yai iliyozungushiwa uzio wa mimea. Ndani yake yamo matuta ya monokotiledoni, mimea ambayo mbegu yake huota kwa jani moja la mwanzo: nyasi, vitunguu, mayungiyungi na jamaa zao. Nje ya yai hilo ziko dikotiledoni, zinazoota kwa majani mawili ya mwanzo, zikiwa zimegawanywa tena kwa nyuzio. Ukitaka kuona tofauti nyumbani, lowesha punje ya mahindi na punje ya maharage kwenye kitambaa kibichi uzisubiri kwa wiki moja. Matuta yamezungukwa na ukoka, yapo zaidi ya 140, na ndani yake mna karibu spishi 1,600. Tangu mwaka 2018 ipo pia njia inayopanda juu kwa mzunguko, ambayo inakuwezesha kuyatazama matuta yote kwa pamoja kutoka juu. Pandia huko kwanza. Ukishuka utakuwa unajua uko ukurasa gani.

Oxford walichagua vingine. Matuta yao ndani ya kuta za mawe yalipangwa katika karne ya 19 kwa mfumo wa Waingereza wawili, Bentham na Hooker, na katika karne hii yakang'olewa na kupandwa upya kufuata ushahidi wa vinasaba. Cambridge wamehifadhi mchoro wa 1845. Mgeni akitembelea bustani zote mbili wiki moja ataikuta mimea ileile ikiwa na majirani tofauti, na si kwamba bustani moja imekosea. Kila moja imeandikwa tarehe yake, kama ramani ya Afrika ya 1950 na ile ya 1965.

Shahidi mmoja hatoshi

Vinasaba havionekani kwa macho. Anayesimama mbele ya tuta lazima atumie ushahidi anaoweza kuushika, na mwingi uko ndani ya ua.

Chukua ua la kunde, ambalo halihitaji safari ya Uingereza. Petali zake ni tano, ila hazilingani. Moja kubwa imesimama juu, wataalamu huiita bendera. Mbili za kando ni mabawa. Mbili za chini zimeshikana zikafanya kitu kilichopinda mfano wa mkuku wa jahazi, na mkuku ndilo jina lake hasa. Ufungue mkuku taratibu kwa kucha. Ndani kuna stameni kumi: tisa zimeungana chini zikawa kama mfereji, ya kumi imekaa peke yake juu yake. Katikati ya mfereji huo kuna kijiti chembamba cha kijani. Hiyo ndiyo ovari, na ukiitazama vizuri utaona tayari ni ganda dogo la kunde. Sasa nenda kwenye tuta la Fabaceae Cambridge, kwenye njegere za maua ya mapambo, ufungue mkuku: tisa na moja. Ukipenda utofauti mdogo, linganisha na ua la maharage, ambalo mkuku wake umejisokota kama konokono.

Kisha tazama mgunga. Ua lake ni kifurushi cha stameni nyingi, petali hazionekani kirahisi, mkuku haupo. Nao ni Fabaceae. Mkwaju pia, ambao ua lake halifanani na la kunde wala la mgunga. Kinachowaunganisha hao wote ni ganda, yaani tunda linalotokana na ovari ya chumba kimoja. Ndiyo sababu mtaalamu hahukumu kwa alama moja. Hukusanya mashahidi watatu au wanne.

Mfano wa pili ni mdogo kwa kimo lakini mimi ninaupendelea kuliko yote. Mtu wa Kilimanjaro au Kagera akilitafuta tuta la Rubiaceae, familia ya kahawa, atakuta magugu membamba yanayofika magotini, ya jenasi ya Galium, yenye viua vyeupe au vya njano vidogo kuliko punje ya mchele. Mkahawa wenyewe hauvumilii baridi ya nje, kwa hiyo nje unawakilishwa na nduguze. Undugu huo uko wapi? Tazama tawi la mkahawa: majani hukaa mawili mawili yakielekeana, na katikati ya vikonyo vyao, kila upande wa tawi, kuna kigamba kidogo cha pembetatu. Sasa tazama Galium: majani yake yamezunguka shina kwa duara, manne, sita au zaidi. Baadhi ya hayo yanayoonekana kuwa majani ni vile vigamba vya pembetatu vilivyokua mpaka vikawa na umbo la jani. Ukishaliona hilo, gugu na mkahawa havitaonekana tena kama wageni.

Alama nyingine zinazosaidia haraka: Lamiaceae, familia ya mrehani, kivumbasi na mnanaa, ina shina la pembe nne ambalo unalisikia ukilizungusha kwa vidole, majani yanayoelekeana, na mara nyingi harufu. Humo sasa umo mtiki, mti wa mbao, na matawi yake machanga yana pembe nne vilevile. Brassicaceae, familia ya kabichi na sukuma wiki, ina petali nne kama msalaba na stameni sita: nne ndefu, mbili fupi. Acha sukuma wiki moja itoe maua shambani uhesabu. Asteraceae ni wadanganyifu: “ua” moja la alizeti ni mkusanyiko wa mamia ya viua, na kila kimoja cha vile vya katikati huzaa punje yake.

Lenzi ya mkono inayokuza mara kumi itakufaa kuliko simu. Wengi huishika vibaya, wakiweka lenzi karibu na ua na macho mbali. Ibandike karibu na jicho, ikikaribia kugusa nyusi, kisha ulete ua mpaka lionekane wazi, kama sentimita mbili na nusu hivi kutoka kwenye lenzi. Na usichume. Tumia ua lililoanguka, au muulize mtunza bustani.

Kibao kinasema nini

Kibao cha mmea kwenye bustani ya chuo huwa na jina la kitaalamu, familia, asili yake na namba. Ile namba ndefu ndiyo kitambulisho cha mmea huo mmoja kwenye daftari la bustani, na mara nyingi tarakimu nne za mwanzo ni mwaka ulipoingia. Mmea usio na namba ni pambo. Mwenye namba ana historia: ulitoka wapi, kwa mbegu au kwa kipandikizi.

Baada ya jina hufuata kifupi cha aliyeutangaza. “L.” ni Linnaeus. Mabano nayo yana maana, na huwachanganya wengi. Ukisoma Streptocarpus ionanthus (H.Wendl.) Christenh., maana yake Wendland aliutangaza mmea huo kwanza ndani ya jenasi nyingine, kisha Christenhusz akauhamishia hapa. Alama ya × katikati ya jina inaonyesha chotara. Jina ndani ya alama za kunukuu ni la aina iliyochaguliwa na wakulima, kama tunavyosema embe dodo na embe bolibo.

Familia nane zina majina mawili, yote halali. Ukiona Leguminosae, ni Fabaceae. Gramineae ni Poaceae, familia ya nyasi. Compositae ni Asteraceae, Labiatae ni Lamiaceae, Cruciferae ni Brassicaceae, Umbelliferae ni Apiaceae, Palmae ni Arecaceae, na Guttiferae ni Clusiaceae. Vitabu vya zamani hupenda ya kwanza. Hakuna kilichohama hapo.

“Mbona wamebadilisha tena?”

Lalamiko hili husikika kila mara, nalo linachanganya mambo mawili: jenasi kubadilika na familia kubadilika.

Mgunga ulijulikana kwa miaka mingi kama Acacia. Utafiti ulipoonyesha kwamba jenasi ile ilikuwa imekusanya makundi yasiyo na mzazi mmoja, ilibidi igawanywe, na swali likawa nani abaki na jina. Mkutano wa wataalamu huko Vienna mwaka 2005 uliwaachia Waaustralia, wenye spishi nyingi zaidi, na ule wa Melbourne mwaka 2011 ukathibitisha. Migunga ya Afrika ikawa Vachellia na Senegalia. Watu wengi Afrika hawakufurahi, na kusema kweli walikuwa na hoja, maana jina lenyewe la Acacia lilitokana na mgunga wa Afrika. Lakini familia haikuguswa: ni Fabaceae jana na leo. Kwenye bustani ya familia, tuta halikusogea hata futi moja.

Ndivyo ilivyokuwa kwa ua la Usambara. Mwaka 1892 ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alilikuta kwenye milima ya Usambara akalipeleka kwao, na mwaka uliofuata Wendland akalitangaza kwa jina la Saintpaulia. Leo liko madirishani dunia nzima. Ushahidi wa vinasaba ulionyesha kwamba limezama ndani ya jenasi ya Streptocarpus, likaunganishwa humo. Lile jina lenye mabano hapo juu ni lake. Familia yake ni Gesneriaceae, kabla na baada. Wazungu huliita urujuani wa Afrika, ilhali na urujuani halina undugu.

Mabadiliko ya familia yenyewe ni machache zaidi na mazito zaidi. Tangu mwaka 1998 kundi la wataalamu wa nchi mbalimbali, linalojulikana kwa kifupi cha APG, hutoa orodha ya familia za mimea ya maua kwa kufuata vinasaba. Toleo la nne, la 2016, lina familia 416 katika oda 64. Katika orodha hizo ndimo familia ya zamani ya yungiyungi, Liliaceae, ilimovunjwa. Ilikuwa kama chumba cha wageni: kila mmea wa monokotiledoni wenye petali sita nzuri na asiye na kwao ulilazwa humo. Mshubiri ukahamia Asphodelaceae, kitunguu Amaryllidaceae. Upande mwingine kukawa na kuunganisha: mbuyu na msufi zilikuwa na familia yao, Bombacaceae, na mkakao ulikuwa Sterculiaceae. Sasa yote ni Malvaceae, pamoja na pamba na bamia. Ua la bamia likifunguka asubuhi, utaona stameni zimeungana zikafanya bomba lililozunguka mlingoti wa katikati. Ua la mbuyu nalo, lile jeupe linaloning'inia usiku, lina bomba hilohilo, ila kubwa.

Imani tatu za kuachana nazo

Ya kwanza ni hatari: kwamba mmea ukiwa familia moja na chakula basi unalika, au ukiwa familia moja na dawa basi unatibu. Nyanya na mnanaha ni Solanaceae. Mnanaha hupeleka watu hospitali wakiweweseka. Apiaceae ina karoti, giligilani na bizari nyembamba, na ina Conium maculatum, mmea ambao maji yake yalitumika Ugiriki ya kale kuwaua waliohukumiwa kifo. Bustani huupanda jirani na karoti kwa makusudi, ili mwanafunzi aone jinsi majani yanavyofanana na ya karoti, kisha aonyeshwe madoa ya zambarau kwenye shina laini lisilo na manyoya. Familia inakuambia ni kemikali gani za kutarajia. Kiasi chake na madhara yake ni habari nyingine, na mwuza dawa za mitishamba anayekuambia “ni jamii moja” hajakuambia lolote.

Ya pili: kila chenye miiba na shina nene ni kaktasi. Mpungate ni kaktasi, uliletwa kutoka Amerika, nyumbani kwa karibu kaktasi zote. Ile miti mirefu ya nyikani kwetu yenye mikono iliyoinuka kama kinara cha taa ni Euphorbia, ndugu ya mnyaa na muhogo. Ikikwaruzwa hutoa utomvu mweupe kama maziwa. Kaktasi nyingi hutoa maji tu. Bila kukwaruza, tazama miiba: ya kaktasi huchomoza kutoka kwenye kidoto chenye manyoya, ya Euphorbia za namna hiyo kwa kawaida hukaa miwili miwili. Afadhali kutazama, kwa kuwa utomvu huo ukiingia jichoni unaweza kuliunguza.

Ya tatu ni kwamba bustani ya familia ni orodha kamili. Matuta ya nje Cambridge hubeba mimea isiyo ya miti na inayostahimili sakitu. Miti imepandwa pembeni, mimea ya kwetu iko ndani ya vitalu nyumba vya vioo, na familia ambazo wanachama wake wote ni wa tropiki hazionekani nje kabisa. Nenda kati ya Mei na Julai, maua yanapokuwa mengi. Januari utalipia kuona udongo na vibao.

Kinachowasumbua wanaoyatunza matuta

Kuwaweka ndugu pamoja ni kuzuri kwa mwalimu na ni balaa kwa mkulima. Wadudu na magonjwa mengi hufuata familia, kwa hiyo tuta la familia ni karamu iliyoandaliwa. Dawa ya kawaida ya shamba, kuzungusha mazao, hapa ina mpaka wake: Solanaceae ina mahali pake tangu 1845 na haiwezi kuhama kwenda kwa Fabaceae mwaka ujao.

Mbegu nazo ni tatizo. Spishi za jenasi moja zikichanua hatua mbili kutoka kwa nyingine, nyuki hawasomi vibao. Mbegu itakayokusanywa hapo inaweza kuwa chotara hata kama mama yake ana namba safi, na kwa sababu bustani za dunia hubadilishana mbegu, kosa la tuta moja husafiri. Ndiyo maana mbegu zilizokusanywa porini huthaminiwa zaidi. Zile zinazojimwaga zenyewe huota chini ya kibao cha jirani, mwenye kibao akiwa amekufa kwa baridi, na mgeni akapiga picha ya gugu lenye jina la mtu mwingine. Linganisha mmea na kibao kabla hujaamini: kikisema familia ya nyasi na ua lina petali za rangi, kimesogezwa.

Mwenye shamba anaweza kuigeuza hasara hiyo ikawa faida, kwani yeye ana uhuru ambao bustani haina. Mnyauko wa bakteria hushika nyanya, kiazi mviringo, biringanya na pilipili hoho, zote Solanaceae, na viini vyake hubaki udongoni. Anayevuna nyanya na kupanda hoho, kisha viazi mviringo, anaamini amezungusha mazao, kumbe amebadilisha wageni wa chumba kilekile. Apande mahindi, au kunde, au kitunguu kwa misimu kadhaa. Na mnavu unaojiotea katikati ya mahindi hayo aung'oe, kwa sababu nao ni Solanum, na ugonjwa unaweza kuzisubiri nyanya humo.